Munkoyo umekataa: pa kutafuta kosa, kuanzia kwenye uji hadi kwenye chupa

Mtu akikuambia munkoyo wake, kile kinywaji cha uji wa mahindi unaolegezwa kwa mizizi ya porini na kuachwa uchache, umeharibika, muulize kwanza umeharibika vipi. Umebaki mzito? Uko mtamu hata siku ya pili na hautaki kuchacha? Unanuka? Unavutika kamasi? Hayo ni magonjwa tofauti, na dawa ya ugonjwa mmoja huweza kuuzidisha mwingine. Hapa Lubumbashi, uwe Katuba au Kampemba, ushauri utakaousikia upesi ni kuongeza sukari. Sukari hailainishi uji, haiondoi uchachu uliokwisha kuingia, na kwenye ugonjwa wa kamasi ndiyo chakula cha kamasi yenyewe. Ninaupenda munkoyo, na inaniuma kuona ndoo nzima ikimwagwa kwa tatizo ambalo lingetibika kwa kikombe kimoja cha munkoyo wa jana.

Maelezo haya ni ya anayepika nyumbani, lita tano hadi ishirini, kwenye mbabula, yaani jiko la makala (mkaa), au kwenye resho ya umeme SNEL, shirika la umeme, inaporuhusu. Kwa lita 10 za maji natumia unga wa mahindi kilo moja hivi, na mizizi iliyopondwa ya kujaza mikono miwili. Kila nyumba ina kipimo chake. Kama cha mama yako kinakupa munkoyo mzuri, usikibadilishe kwa ajili yangu.

Kazi mbili ndani ya ndoo moja

Ndani ya ndoo zinafanyika kazi mbili, na anayeanza huzichanganya.

Ya kwanza ni ya mzizi. Mzizi wa munkoyo hutoka kwenye mimea ya porini ya jamii ya kunde. Wataalamu wa mimea huitaja zaidi Rhynchosia na Eminia. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Ndiyo maana uji mzito ukitiwa mzizi hulegea, na ukiuonja unakuta utamu ambao hukuutia wewe.

Ya pili ni ya vijidudu: bakteria wa asidi laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, pamoja na hamira za asili. Hao wanakula ile sukari na kutoa uchachu, gesi na pombe kidogo. Hakuna anayewanunua. Wanatoka kwenye mzizi wenyewe, kwenye chombo, kwenye mwiko na hewani.

Kazi ya mzizi inapenda joto. Kazi ya vijidudu inapenda uvuguvugu. Karibu kila kosa la munkoyo ninalolijua linatokana na kuipa kazi moja hali inayoitaka nyingine. Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote, chota kijiko uonje. Mzito na hauna utamu: kazi ya mzizi imekwama. Mwepesi na mtamu bila uchachu: mzizi umemaliza, vijidudu ndio wamelala. Mwepesi, mchachu, lakini una kitu kingine kibaya: kazi zote mbili zimefanyika, na aliyeingia ni mgeni.

Uji umebaki mzito

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu mwanzo huu ukienda sawa, nusu ya matatizo ya mbele hayatokei.

Anza na joto. Vimeng'enya ni protini. Ukivipika vinakufa na havifufuki. Ukitia mzizi kwenye uji uliotoka motoni sasa hivi, umeupika mzizi, basi. Na uji wa mahindi unadanganya: juu umefanya ngozi, unauona umepoa, kumbe katikati ya sufuria bado unaunguza. Koroga mpaka chini kabla ya kupima. Joto zuri la kuanzia ni digrii 50 hadi 60. Likizidi 70 unaua mzizi. Likiwa chini ya 40 mzizi unafanya kazi, ila polepole, na utahitaji kuuachia usiku mzima.

Wengi hatuna kipimajoto, lakini kuna hesabu inayosaidia. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka karibu na digrii 96, hayafiki 100. Sasa pika uji kwa nusu tu ya maji yako. Nusu nyingine ichemshe mapema, ifunike, iache ipoe. Uji ukiiva, utoe motoni, mimina yale maji yaliyopoa, koroga vizuri. Kama maji yalikuwa kwenye digrii 20, mchanganyiko utaangukia karibu na 58, pale pale mzizi unapopataka. Kwa lita 10, basi, uji wa lita 5 na maji ya lita 5 yaliyofunikwa pembeni. Mwezi wa kumi, maji ya ndani ya nyumba yakiwa na joto lake, ngoja dakika kadhaa zaidi kabla ya kutia mizizi. Njia hii inakuondolea pia kishawishi cha kupoza uji kwa maji mabichi ya bomba au ya kisima, jambo nitakalolirudia.

Kama joto lilikuwa sawa, angalia mzizi. Uliokaa muda mrefu juani, uliopata unyevu na kuota ukungu, au ulioliwa na wadudu hadi ukiugonga unamwaga unga, usiutegemee. Kwenye soko la Kenya la hapa hapa Lubumbashi, au kwa muuzaji wa mtaani, uliza bila aibu:

«Mama, hii mizizi ni ya lini?»

«Ya juzi, mwana yangu. Vunja, nusa.»

Vunja kweli, nusa kweli. Na ununue kwa mama anayejulikana kwa kazi hiyo. Usichimbe mwenyewe porini kama hukufundishwa na anayeujua mmea. Kuna mizizi ya msituni yenye sumu, na ikishapondwa yote inafanana. Jambo jingine linalonisumbua: ukichimba mzizi umeua mmea, na misitu ya miombo iliyouzunguka mji huu tayari imekatwa sana kwa ajili ya makala. Mizizi mizuri haitakuja kwa bei rahisi milele, kwa hiyo inafaa kuitumia kwa akili: ipondwe mpaka iwe nyuzi, maana gogo la mzizi lililotupwa zima ndani ya uji linatoa sehemu ndogo tu ya nguvu yake.

Ukitaka kujua kwa hakika kosa ni la joto au la mzizi, fanya mtihani wa kikombe. Chota kikombe cha uji ulio kwenye lile joto zuri la kuanzia, tia nyuzi chache za mzizi uliopondwa, koroga, funika, weka mahali pa joto. Ndani ya saa moja hivi uji wa kikombe ukianza kulegea na kuwa mtamu, mzizi wako ni mzima, na ule wa kwenye ndoo uliuunguza. Kikombe kikibaki kama kilivyokuwa, mzizi umekufa, rudi sokoni. Ningependa kila mtu afanye mtihani huu kabla ya kutia mizizi kwenye sufuria ya matanga au ya ndoa, ambako mahindi ni mengi na wageni hawangoji.

Anayetaka kuona kwa macho atumie tone la tincha ya iodini ya duka la dawa. Weka kijiko cha uji kwenye sahani, dondoshea tone: wanga huifanya igeuke bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Fanya kabla ya kutia mizizi, halafu baada ya saa kadhaa. Rangi ikipungua, wanga unakatwa. Kile kijiko cha majaribio kitupwe, kisirudi kwenye ndoo.

Na sababu ya mwisho, ndogo lakini ipo: uji haukuiva. Wanga mbichi haukatwi kirahisi. Uji wa munkoyo upikwe kwa moto mdogo angalau saa moja, bila madonge. Ndani ya donge mzizi haufiki.

Kuokoa ndoo iliyogoma: toa mizizi yote ya zamani, rudisha uji motoni uchemke, upoze hadi 55 hivi, tia mizizi mipya. Usichemshe na mizizi ndani, utapata uchungu. Kama mizizi mipya haipatikani siku hiyo, unga wa kimea cha ulezi hufanya kazi hiyo hiyo ya kukata wanga, na ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, huko Zambia, maheu, kinywaji kingine cha uji wa mahindi uliochacha, hupikwa bila mzizi wowote. Ladha haitakuwa ya munkoyo, lakini mahindi yako hayataenda bure. Ukitumia kimea cha mtama, hakikisha machipukizi na vimizizi vimeondolewa baada ya kukauka, kwa kuwa chipukizi la mtama lina kitu kinachotoa sumu ya sayanidi.

Umelegea, ni mtamu, lakini hauchachi

Huu ni ugonjwa wa mwezi wa sita na wa saba. Usiku wa Lubumbashi wakati huo ni baridi kali, na ndoo iliyoachwa kwenye sakafu ya sementi inapoteza joto lote kabla ya alfajiri. Bakteria hawakufa, wamezubaa. Inua ndoo kutoka chini, iweke juu ya mbao au kigoda, izungushie blanketi, iweke upande wa mbabula iliyozimika lakini bado ina joto. Digrii 25 hadi 30 zinatosha. Usiipashe motoni moja kwa moja: chini kutaungua na bakteria wa chini watakufa.

Kama hali ya hewa ni nzuri na bado hauchachi, huenda ulitumia chombo kipya au ulichokiosha kwa javeli, dawa ya klorini ya kusafishia, usikisuuze. Vibuyu vya zamani havikuwa na shida hii, kwa sababu vilibeba chachu ndani ya kuta zake kutoka munkoyo mmoja hadi mwingine. Bidoni mpya, yaani dumu jipya la plastiki, haina kitu. Vilevile ukitia mizizi kwenye joto la 60, kama nilivyokushauri, sehemu ya bakteria waliokuja na mizizi huondoka; mzizi umefaidika, wao wameumia. Dawa ni moja: munkoyo ukishapoa hadi ukawa vuguvugu tu, tia chachu, yaani kikombe kimoja cha munkoyo mzuri wa jana kwa lita 10, ukoroge. Mimi huweka chupa ndogo pembeni kila nikipika, kwa ajili hiyo tu. Chagua munkoyo uliokuwa safi na mzuri. Chachu ya munkoyo mbovu inazaa munkoyo mbovu.

Maji ya bomba ya Regideso, shirika la maji, yana klorini, nayo ikiongezwa baada ya kupika huwapiga bakteria. Yakichemshwa klorini inaondoka. Lakini sababu kubwa ya kuyachemsha ni nyingine. Munkoyo ambao haujachacha hauna kinga. Ukishachacha sawasawa, pH, kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 4, wadudu wengi wa kuharisha hawastawi humo. Kabla ya hapo ni uji mtamu wenye maji, mahali pazuri kabisa pa kipindupindu, na mji huu unaujua ugonjwa huo, hasa mvua zikianza na visima vya mitaa vikapokea maji ya vyoo. Maji yote yanayoingia kwenye munkoyo yawe yamechemka, hata yale ya kupunguzia uzito dakika ya mwisho.

Ukipita siku mbili kwenye joto zuri, na chachu umetia, na bado hauna uchachu wowote, usiunywe.

Umechacha kupita kiasi

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, munkoyo ulioandaliwa jioni unaweza kuwa umeiva asubuhi na kukunja uso ifikapo saa nane mchana. Hapo hakuna kilichoharibika, muda umepita tu. Uchachu ni asidi. Sukari inaufunika ulimini lakini asidi inabaki pale pale, na tumbo la mwenye vidonda litakuambia. Njia bora ni kuuchanganya na munkoyo mpya ambao mzizi umemaliza lakini haujachacha, nusu kwa nusu, na kuunywa siku hiyo hiyo.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: chuja mapema, na uweke baridi. Friji inasaidia umeme ukiwepo. Usipokuwepo, funga bidoni kwa kitambaa kilicholowa, iweke kivulini penye upepo, na usiache kitambaa kikauke. Mwezi wa kumi hewa ni kavu na njia hii inapoza vizuri. Mwezi wa kwanza hewa imejaa unyevu, haitakusaidia sana.

Uchachu unaochoma pua, wa siki, una chanzo tofauti. Hao ni bakteria wanaohitaji hewa, na wanageuza pombe kuwa siki. Ukiona hivyo, tazama chombo: bila shaka kilikuwa nusu tupu, au kifuniko kilikuwa wazi na nzi wadogo wakiingia. Hamisha munkoyo kwenye chombo kinachojaa karibu hadi shingoni. Uliokwisha kuwa siki haurudi.

Unavutika kamasi

Unamimina, na badala ya kukatika unashuka uzi mmoja unaoteleza. Wengi husema mtu amewaloga au mizizi ilikuwa mibaya. Kuna bakteria wa jamii hiyo hiyo ya laktiki ambao wakikuta sukari ya dukani huijenga kuwa minyororo mirefu, na minyororo hiyo ndiyo utelezi. Sukari inayotolewa na mzizi haiwapi nafasi hiyo kwa urahisi. Sukari nyeupe ya saché, iliyotiwa mapema wakati munkoyo ungali unachacha, inawapa.

Kwa hiyo sukari itiwe kwenye kikombe, wakati wa kunywa. Huu ni ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote katika maelezo haya, kwa kuwa unazuia pia gesi na pombe ya ziada. Najua wauzaji hutia kwenye bidoni, na najua kwa nini: mteja anataka gobele (kikombe) iliyo tayari. Basi watie asubuhi ya kuuza, wasitie usiku.

Kama hakuna harufu mbaya, utelezi wenyewe hauna sumu, na mara nyingine hupungua siku ya pili. Lakini usiuchukue kuwa chachu ya ndoo nyingine. Na bidoni ile ioshwe kwa maji yanayochemka kama inavumilia, pamoja na kifuniko, kitambaa cha kuchujia na mwiko. Mwiko wa mti wenye nyufa ndio maficho ambayo watu wanayasahau.

Unanuka

Pua inajua zaidi kuliko macho. Harufu ya mayai, hafifu, hutoka kwa hamira. Koroga, acha wazi kidogo, itaondoka. Harufu ya matapishi au ya jibini iliyooza ni jambo zito: uchachu ulichelewa na bakteria wengine wakawahi. Mwaga. Hakuna kuonja kwanza. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha hutokea kwenye joto kali na hewa nyingi. Ikiwa nzito, mwaga, na ndoo inayofuata iweke mahali pa baridi zaidi.

Harufu ya mafuta yaliyochina inatoka kwenye ile bidoni ya njano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Haitoki kwa maji peke yake. Isugue kwa majivu au sabuni na maji ya moto, na ikibaki, itumie kuchotea maji ya kufulia.

Harufu ya vumbi na unyevu, ya ghala, iliyokuwepo tangu kwenye unga, isikufanye useme itapotea ikichacha. Hiyo ni dalili ya mahindi yaliyoota ukungu, na ukungu wa mahindi unaweza kuacha sumu ya aflatoksini ambayo moto wa jikoni hauimalizi, wala uchachu usitegemewe kuiondoa. Chambua punje kabla ya kupeleka kwenye mashine ya kusaga. Zilizobadilika rangi, zilizonyauka, zilizovunjika na kuwa na vumbi la kijani au kijivu, zitolewe, na kuku wasipewe pia.

Kuna kitu juu

Utando mweupe, mwembamba, uliolala na kukunjika kunjika, ni hamira inayopenda hewa. Uondoe kwa kijiko safi, onja, na kama ladha ni nzuri kunywa siku hiyo. Manyoya ni kitu kingine. Yawe ya kijani, meusi au ya rangi ya waridi, hayo ni ukungu, na mizizi yake imekwisha kushuka chini ambako huoni. Ndoo nzima inakwenda.

Tabaka la unga lililotulia chini na maji juu ni kawaida kabisa. Tikisa.

Mchungu, au una ladha ya chuma

Uchungu wa mizizi hutokea ukiiacha ndani siku mbili tatu, au ukiitia mingi kwa kudhani mingi ni bora. Uji ukishalegea na kuwa mtamu, mizizi imemaliza kazi yake; itoe asubuhi, ikaushe kivulini kama bado unataka kuitumia. Rangi ya njano kidogo isikutishe, ni ya mizizi. Uchungu wa kuungua ni wa chini ya sufuria, na haufichiki. Ukiona uji umeshika, hamisha ulio juu bila kukwangua.

Ladha ya chuma ichukulie kwa uzito mkubwa. Munkoyo ni asidi, na asidi inakula chuma. Ndoo ya bati lililopakwa zinki huachia zinki kwenye kinywaji kichachu, na matokeo yake ni kutapika ndani ya saa chache. Shaba nayo hivyo hivyo, na sisi wa Katanga tuna shaba karibu mno na jikoni. Sufuria za alumini zinazosubiwa kutoka kwenye vyuma chakavu huweza kuwa na risasi. Uchunguzi katika nchi kadhaa za Afrika umeikuta humo. Hizo usizitumie kabisa kuchachushia, na kama unaweza kupikia kwenye nyingine, pikia kwenye nyingine. Chachusha kwenye plastiki ya chakula, kioo, enameli isiyobanduka, udongo au kibuyu.

Na mapipa. Mji wa migodi una mapipa na bidoni nyingi nzuri, imara, za bei ndogo, zilizowahi kubeba asidi au dawa za viwandani. Kuziosha hakusaidii, plastiki imekwisha kunywa. Usipojua chombo kilibeba nini, usikitie munkoyo, hata kama muuzaji anaapa.

Chupa imefura, au munkoyo unalevya

Vyote viwili ni dalili ya hamira kupata sukari nyingi na muda mrefu. Munkoyo wa siku moja una pombe kidogo sana. Wa siku nne uliotiwa sukari ni kinywaji kingine, ingawa bidoni ni ile ile. Gesi yake haina pa kwenda kama umefunga.

Usiutie kwenye chupa ya kioo na kufunga. Tumia plastiki, usiijaze hadi mdomoni, na kifuniko kikae legevu, hata ndani ya friji: umeme ukikatika mchana kutwa friji inapata joto na hamira inaamka. Ukikuta chupa iliyofungwa imekuwa ngumu haibonyei, ipeleke nje, ielekeze mbali na uso, ifungue kidogo kidogo ukisimama kila inapopiga mluzi. Usiitikise kwanza.

Andika siku kwenye kila bidoni kwa kalamu ya wino mzito. Wa leo na wa jana unafaa kwa nyumba nzima. Kuanzia siku ya tatu, au mapema zaidi kama ulitiwa sukari, uweke mbali na watoto, mwambie anayeendesha pikipiki, mjamzito, na mgeni ambaye kanisa lake haliruhusu pombe. Asiulizwe tu kama anapenda munkoyo. Aambiwe ni wa siku ya ngapi.